Usiisome Namba ya Methani Peke Yake

Vijana wanaoanza kazi ya kuchunguza gesi za chini ya ardhi huniuliza mara kwa mara swali lilelile: methani hii iliyotoka kisimani imetengenezwa na vijidudu, au imetokana na joto lililopika mabaki ya viumbe ndani ya miamba? Mara nyingi swali hilo huja na karatasi ya maabara yenye namba moja tu, yaani uwiano wa isotopu za kaboni (atomi za kaboni zinazotofautiana kwa uzito) katika methani. Baada ya miaka mingi ya kushika chupa za sampuli na kujadili majibu yake na wenzangu, ushauri wangu ni mmoja: usiitolee namba hiyo hukumu kabla hujaiweka kando ya namba ya kaboni dioksaidi iliyotoka katika maji yaleyale.

Vijidudu vinavyotengeneza methani ni vya kundi la arkea, ambalo Carl Woese na George Fox walilitenganisha na bakteria mwaka 1977. Haviwezi kufanya kazi hiyo penye oksijeni. Vingi hupata nishati kwa kuunganisha haidrojeni na kaboni dioksaidi, na vingine hutumia asetati, chumvi ya asidi iliyomo katika siki. Kaboni iliyo nyingi katika maumbile ni kaboni-12, huku kaboni-13, ambayo ni nzito zaidi, ikiwa asilimia 1.1 hivi. Vijidudu huitumia ile nyepesi kwa wepesi zaidi, na hivyo methani yao hupungukiwa na ile nzito. Upungufu huo huandikwa kwa sehemu za elfu, kwa kulinganishwa na kipimo rejea ambacho asili yake ni kisukuku cha baharini kutoka South Carolina. Kwa mazoea, methani iliyo chini ya −60 huhesabiwa kuwa ya vijidudu, na iliyo kati ya −50 na −20 huhesabiwa kuwa ya joto. Kanuni hiyo inafaa kuanzia, lakini nimeona watu makini wakiifanya kuwa ndiyo mwisho wa uchunguzi, na hapo ndipo wanapopotea.

Mfano ninaopenda kuufundisha ni wa Antrim, mwamba mweusi wa matope yaliyogandamana huko Michigan, Marekani, ambao kwa muda mrefu umekuwa ukitoa gesi ya kuuzwa. Methani yake iko karibu na −50, mahali ambapo kanuni ya mazoea haitoi jibu, na msomaji mwenye haraka angesema ni gesi ya joto. Lakini kaboni dioksaidi inayotoka pamoja nayo ina karibu +20, na hiyo ni namba ya ajabu, kwa sababu gesi inayotokana na kupikwa kwa mabaki ya viumbe haiambatani kwa kawaida na kaboni dioksaidi nzito kiasi hicho. Kilichotokea ni kwamba vijidudu vimekuwa vikichukua kaboni nyepesi kwa muda mrefu hadi akiba iliyobaki ikawa nzito, na methani inayotengenezwa kutoka katika akiba hiyo nayo ikawa nzito kuliko tulivyozoea. Tofauti kati ya gesi hizo mbili, karibu 70, ndiyo inayoonyesha kazi ya vijidudu. Haidrojeni iliyo ndani ya methani ilitoa ushahidi wa pili, kwa kuwa isotopu zake zinafuatana na zile za maji ya mwamba huo, ambayo yamechanganyika na maji matamu ya enzi za barafu.

Mteja anayechagua maembe kwenye tenga lililojaa huondoka na yale aliyoyapenda, lakini akilazimika kulibeba tenga zima, uchaguzi wake hauonekani tena. Hali kama hiyo inapatikana katika milima ya Oman, ambako maji hupenya ndani ya peridotiti, aina ya miamba iliyotoka chini sana ardhini, yakabadilisha madini yake na kutoa haidrojeni kwa wingi. Maji hayo huwa na pH (kipimo cha uasidi na ualkali) inayozidi 11, na kaboni iliyoyeyuka ndani yake ni chache mno kwa sababu huungana na kalisi na kuganda kuwa mawe. Vijidudu vya jenasi ya Methanobacterium vimo humo, lakini vina njaa ya kaboni na hutumia yoyote vinayoipata, nyepesi kwa nzito, na methani ya baadhi ya visima ina namba iliyo karibu na 0. Watafiti wengine wanaona kwamba sehemu ya gesi hiyo haikutengenezwa na kiumbe chochote, bali ilinaswa zamani ndani ya chembe za madini. Mimi naona maelezo yote mawili yana nafasi yake katika eneo hilohilo, na kwamba anayedai moja tu kwa sababu ya namba ya kaboni amejinyima ushahidi.

Kwa hiyo omba pia vipimo vya ethani na propani, gesi za jamii ya methani zenye kaboni zaidi. Methani ikizidi jumla ya hizo mbili zaidi ya mara 1,000, vijidudu wana uzito katika hoja, ingawa gesi iliyosafiri mbali ndani ya miamba inaweza kupoteza ethani njiani. Kuonekana kwa jeni za vijidudu hao katika maji ni habari njema, lakini jeni huonyesha kwamba wapo, wala haitoshi kuthibitisha kwamba gesi yote iliyopo ni yao.

Jambo ambalo halisameheki ni chupa mbaya. Jaza chupa hadi pasiwe na povu la hewa, ifunge kwa kizibo cha mpira mzito, na uwaue vijidudu waliomo palepale kisimani kwa kemikali ambayo maabara yako imeikubali. Hewa ikiingia, bakteria wanaokula methani wataanza na ile nyepesi, na iliyobaki itafika maabara ikiwa nzito kuliko ilivyotoka ardhini. Maji yenye pH ya juu ni hatari zaidi, maana hufyonza kaboni dioksaidi ya hewani kwa haraka, nawe utapima anga ukidhani unapima mwamba. Andika kwenye daftari saa ya kuchota, pH, joto la maji na kina cha pampu, kwa sababu yule atakayeisoma namba yako baadaye atahitaji hayo yote ili ajue ni kaboni ipi hasa iliyopimwa.