Kabla Hujawapiga Picha Watu Wako wa Karibu

Wanaoanza kazi hii huuliza kwanza kuhusu kamera. Chukua ndogo, yenye lenzi isiyovuta ya milimita 28 au 35, itakayokulazimu umsogelee unayempiga. Ukimpiga mpenzi wako kutoka pembe nyingine ya chumba kwa lenzi ya milimita 200, picha itaonekana kana kwamba umemchungulia, na kweli utakuwa umemchungulia. Ndani ya nyumba mwanga ni haba, basi zoea kupandisha ISO (kipimo cha jinsi kamera inavyohisi mwanga) hadi 1600 au 3200 na usiogope chengachenga zitakazotokea kwenye picha. Flashi nayo si dhambi, ila ikiwaka tu kila mtu anakumbuka kwamba upo kazini.

Hayo utayajua upesi. Kinachosumbua ni ridhaa.

Rafiki akikwambia "piga tu", amekuruhusu kupiga. Hajakuruhusu kuonyesha. Ruhusa ya kuonyesha huombwa picha ikiwa mbele yenu, akijiona alivyotoka: macho yamevimba kwa kulia, au shuka limemteleza. Aliyelewa pombe hawezi kukuruhusu lolote. Subiri alale, aamke, ndipo umwonyeshe. Kwa mpenzi mambo ni magumu zaidi, kwa sababu anaweza kukubali ili tu asikuudhi. Mimi hupima hivi: mkiachana kwa ugomvi, je, bado angekubali picha hii itundikwe ukutani mbele za watu? Nikisita, naiweka kando. Na akibadili mawazo baada ya kukubali, itoe bila kubishana naye kuhusu sanaa.

Mtazameni Nan Goldin, mpiga picha wa Marekani. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na katika miaka ya 1980 alikuwa akionyesha slaidi za marafiki zake na wapenzi wao katika kumbi za usiku za New York, zikisindikizwa na muziki. Wengi waliokaa kutazama ndio waliokuwa kwenye picha. Kitabu cha picha hizo kilikuja baadaye, mwaka 1986. Utaratibu huo naupenda kuliko hata picha zenyewe (na picha zake nazipenda sana): wenye sura waone kwanza, wacheke, wanune, waseme "ile hapana", ndipo wageni waone.

Yeye mwenyewe hakujificha nyuma ya kamera. Mwaka 1984, mwezi mmoja baada ya kupigwa na mpenzi wake, alijipiga picha uso ukiwa na michubuko, jicho moja limejaa damu, midomo imepakwa rangi nyekundu. Alisema aliitaka picha hiyo imzuie kumrudia mtu huyo. Kwa hiyo, kama unawaonyesha wenzako wakiwa wanyonge, nawe uwemo. Kila ninapopewa mkusanyiko wa picha za marafiki nitoe maoni, kwanza namtafuta mpigaji. Nikimkosa kabisa, nashuku.

Upande wa pili yupo mpiga picha Nobuyoshi Araki wa Japani. Mwaka 1971 alichapisha picha za fungate yake na mkewe Yoko, na aliendelea kumpiga picha hadi mke huyo alipofariki mwaka 1990. Kazi hiyo ni nzito na sioni sababu ya kuikana. Lakini mwaka 2018 mwanamke aliyekuwa akipigwa picha na Araki kwa miaka mingi alijitokeza akasema hakukuwa na mkataba, na kwamba picha zake zilitumika bila yeye kuulizwa. Asikudanganye mtu kwamba ukaribu unatosha badala ya karatasi. Andikeni, hata mistari mitatu: picha zipi, zionyeshwe wapi, na zikiuzwa nani apate nini.

Usichague picha peke yako wala siku uliyozipiga, maana siku hiyo bado unakumbuka ulivyojisikia, na mtazamaji hatakuwa na kumbukumbu hiyo. Ziache zikae miezi kadhaa. Zitakazobaki mara nyingi si za kitandani. Ni za mtu akifunga viatu huku amenuna, au wawili waliokaa kochi moja kila mmoja akitazama kwake.

Faili za simu mara nyingi hubeba mahali picha ilipopigwa. Futa taarifa hiyo kabla ya kutuma, hasa kama rafiki yako ana mtu anayemkimbia. Angalia pia nyuma yake: bahasha yenye anwani, dawa mezani, mtoto wa jirani mlangoni. Hao wa nyuma nao hawakuulizwa.