Msimbo wa kifaa chako uko wapi? Maswali na majibu

Ruta tunazinunua kiwandani zikiwa tayari, sisi tunabandika nembo na kuuza. Wajibu wa GPL si wa kiwanda?

Ni wenu pia. GPL, leseni ya programu huria inayodai mpokeaji apatiwe msimbo chanzo, humbana kila anayesambaza programu zilizo chini yake, na anayeuza kifaa anasambaza programu zilizomo ndani yake. Daini msimbo chanzo kabla ya kulipia shehena, na sharti hilo liandikwe kwenye mkataba. Mkishamaliza kulipa, hamna tena cha kukishikia kiwanda.

Kwenye kijitabu tumeweka anwani ya kernel.org. Inatosha?

Haitoshi. Swali hili linarudi kila mara, na linatoka kwa watu ambao hawajaisoma leseni hata mara moja. Kernel.org ina keneli (kiini) ya Linux kama inavyotolewa na waandishi wake. Ya kwenu ina viraka vya mtengenezaji wa chipu, faili za dts zinazoeleza maunzi ya ubao wenu, na .config, faili ya mipangilio iliyoamua kipi kiingie na kipi kibaki nje. GPL toleo la 2, ya mwaka 1991, inataka msimbo kamili wa kile hasa kilichomo kwenye kifaa, pamoja na skripti za kukompaili (kugeuza msimbo kuwa programu) na kusakinisha.

Jipimeni hivi: mpeni kifurushi cha msimbo mhandisi ambaye hakugusa mradi, kwenye kompyuta safi. Akompaili kwa kufuata maelekezo yaliyomo tu, kisha apakie fimwea (programu inayoendesha kifaa) kwenye kifaa na kiwake. Mara nyingi atakwama mapema: toleo la kompaila halikutajwa, submoduli za Git (sehemu za msimbo zilizohifadhiwa kando) hazikuvutwa, au skripti inatafuta saraka iliyo kwenye kompyuta ya mtu mmoja tu. Wanaotumia Buildroot, zana ya kujenga fimwea ya Linux, waendeshe `make legal-info`, halafu wasome README inayotoka, maana ndimo yanamoorodheshwa yaliyoshindikana kukusanywa. Wengi hutuma kifurushi bila kuifungua.

BusyBox (mkusanyo wa amri za Linux kwa vifaa vidogo, ulio chini ya GPL) hatujabadilisha hata mstari mmoja. Bado tutoe msimbo?

Ndiyo. Wajibu unatokana na kusambaza, si kubadilisha.

Nimeomba msimbo wa televisheni yangu, kampuni inataka kwanza nisaini mkataba wa kutunza siri.

Usisaini. Kifungu cha 6 cha GPL 2 kinakataza kumwongezea mpokeaji masharti. Wanachoruhusiwa kukutoza ni gharama ya kunakili na kutuma.

Waandikie tena, utaje modeli, toleo la fimwea na programu zilizomo. Kama huzijui, pakua faili ya sasisho, ifumue kwa binwalk, zana ya kutoa faili zilizomo ndani ya fimwea, kisha endesha `strings busybox | grep "BusyBox v"`. Utapata nambari ya toleo, na mara nyingi tarehe ya kukompailiwa. Barua yenye mstari huo ni vigumu kuijibu kwa porojo. Ujue pia kwamba mwaka 2021 Software Freedom Conservancy, shirika la kutetea programu huria, iliishtaki kampuni ya televisheni ya Vizio nchini Marekani ikidai haki hiyo kama mnunuzi wa televisheni, si kama mwenye hakimiliki.

Maktaba zetu za programu ziko chini ya leseni za MIT na BSD tu, zisizodai msimbo utolewe. Hatuna la kufanya, sivyo?

Mnalo: notisi za hakimiliki na matini ya leseni zimfikie mteja, kwenye menyu ya mipangilio au kijitabuni. Na kama kifaa kinaendeshwa na Linux, hiyo "tu" si kweli.

Tumefunga butiloda (programu inayowasha kifaa) ikubali fimwea yenye saini yetu pekee. Kuna tatizo?

Inategemea kilichomo. GPL 3 ya mwaka 2007 inamtaka muuzaji wa kifaa cha matumizi ya nyumbani atoe maelezo ya kusakinisha toleo lililobadilishwa, na funguo zikihitajika. Keneli ni GPL 2, lakini wengi hunaswa na Samba, programu ya kushiriki faili mtandaoni: tangu toleo la 3.2 iko chini ya GPL 3, na huingizwa kwenye ruta kwa sababu tu ina tundu la USB. Amueni kabla ya kufunga. Aidha mumwachie mtumiaji njia ya kuweka fimwea yake, au muiondoe Samba na kutumia ksmbd, inayofanya kazi hiyo ndani ya keneli na iliyoingia kwenye keneli 5.15.

Ofa ya maandishi ya kutoa msimbo inadumu miaka mingapi?

Angalau 3. Chini ya GPL 3, iendelee pia kwa muda wote mnaouza vipuri au kuhudumia modeli hiyo. Anzeni kuhesabu tangu kifaa cha mwisho kuuzwa, na kila fimwea inapotoka, kifurushi chake kihifadhiwe siku hiyohiyo chini ya nambari ya toleo lake. Seva ya ujenzi ikishafutwa na mhandisi akishahama, hakuna wa kukirudisha.