Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini China Haiichukui Korea Kaskazini?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa shule ya sekondari mjini Morogoro. Wanafunzi wangu waliona picha za gwaride la Beijing la tarehe 3 Septemba 2025, ambapo Kim Jong-un alisimama pamoja na Xi Jinping na Vladimir Putin, na mmoja wao akaniuliza hivi: ikiwa Korea Kaskazini hununua karibu kila kitu kutoka China, na bado huiletea China usumbufu kwa majaribio yake ya mabomu, kwa nini China isiichukue tu ikaifanya jimbo lake? Nilimjibu kwamba sheria ya kimataifa hairuhusu, lakini jibu hilo halikumridhisha, na kusema kweli halikuniridhisha hata mimi.
Mwalimu, Morogoro

JIBU: Ndugu Mwalimu, sheria uliyomtajia ipo kweli, kwa kuwa Mkataba wa Umoja wa Mataifa unakataza nchi kuitwaa nchi nyingine kwa nguvu, na China yenyewe tangu mwaka 1954 imekuwa ikitangaza kanuni tano za kuishi pamoja kwa amani, mojawapo ikiwa ni kutoingilia mambo ya ndani ya wengine. Hata hivyo mwanafunzi wako alikuwa na haki ya kutoridhika, maana mwaka 1979 China hiyohiyo ilivusha majeshi yake na kuingia Vietnam, na kwa hiyo kanuni peke yake haitoshi kueleza kwa nini Korea Kaskazini imeachwa. Tunavyoona sisi, Korea Kaskazini ina faida kwa China kwa sababu haimo ndani ya China. Na juu ya hilo wapo Wakorea wenyewe, ambao katika mazungumzo ya namna hii husahauliwa, kana kwamba nchi yao ni kiwanja kisicho na mwenyewe.

Vita vya Korea vilianza tarehe 25 Juni 1950, jeshi la Kaskazini lilipovuka mstari wa latitudo ya 38 na kuingia Kusini. Kufikia Oktoba mambo yalikuwa yamegeuka, na majeshi ya Umoja wa Mataifa chini ya Jenerali Douglas MacArthur wa Marekani yalikuwa yakipanda kuelekea Mto Yalu, ambao ndio mpaka wa China. Serikali ya Mao Zedong ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu, na nchi ilikuwa imechoshwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe, lakini tarehe 19 Oktoba askari wake wakiongozwa na Peng Dehuai walianza kuuvuka mto huo kwa jina la jeshi la kujitolea. Kwa hesabu ya China yenyewe, askari wake zaidi ya 197,000 walikufa, akiwemo Mao Anying, mtoto wa Mao, ambaye kaburi lake liko Hoechang, hukohuko Korea Kaskazini.

Mtu anayefika Dandong, mji wa China ulio ukingoni mwa Yalu, anaweza kutembea juu ya daraja la chuma lililopigwa mabomu na ndege za Marekani katika vita hivyo. Anakwenda juu ya maji hadi katikati ya mto, kisha chuma kinakoma kikiwa kimepindapinda, na mbele yake, upande wa Korea, hakuna kilichobaki isipokuwa nguzo tupu zilizosimama majini. Damu hiyo yote haikumwagwa ili China iipate Korea, bali ili jeshi la Marekani lisije kukaa ng'ambo ya mto. Wachina wana msemo wa kale usemao kwamba midomo ikiondoka, meno hupata baridi, nao waliutumia sana wakati wa vita hivyo kueleza kwa nini vijana wao walikuwa wakifia nchi ya watu wengine.

Sasa fikiria China ingeichukua Korea Kaskazini leo. Marekani ina askari wapatao 28,500 Korea Kusini, na mpaka wa China ungehama kutoka Mto Yalu hadi kwenye ukanda usio na majeshi unaozitenganisha Korea mbili, yaani China ingekwenda kwa miguu yake hadi mahali palepale ilipopigana miaka mitatu ili isifikiwe. Mkulima aking'oa ua wa shamba ili apate matuta mawili zaidi, shamba limeongezeka, lakini mbuzi wa jirani hawana tena cha kuwazuia.

Wapo wanaotaja zaidi mzigo wa kuwalisha watu wa Kaskazini. Sisi hatuupi hoja hiyo uzito mkubwa, kwa kuwa watu hao ni milioni 26 hivi, ambao hawafiki hata asilimia 2 ya Wachina wote. Kazi ngumu isingekuwa kuwalisha, ingekuwa kuwatawala.

Hapa historia ni ndefu, na Wakorea wa pande zote mbili huifundisha watoto wao. Katika karne zake za mwisho ufalme wa Koguryo ulikuwa na makao yake Pyongyang, mji ambao leo ndio mkuu wa Korea Kaskazini, na nasaba ya Sui ya China iliposhambulia mwaka 612, jeshi lake liliangamizwa kwenye Mto Salsu. Mwaka 668 nasaba ya Tang, ikisaidiwa na ufalme wa Silla wa kusini mwa rasi hiyohiyo, iliiangusha Koguryo na kuweka Pyongyang makao ya kuitawala nchi. Miaka minane baadaye Silla iliyokuwa rafiki ilikwisha kuwatimua Watang, na makao hayo yakahamishiwa Liaodong, ng'ambo ya Mto Yalu. Kwa karne nyingi zilizofuata wafalme wa Korea walipeleka zawadi na heshima kwa mfalme mkuu wa China, lakini nyumbani kwao walijitawala wenyewe, na nchi pekee iliyoimeza Korea nzima katika nyakati hizi za karibuni ni Japani, kuanzia mwaka 1910 hadi 1945, kwa uchungu ambao haujaisha hata sasa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wanahistoria wa taasisi za serikali ya China waliandika kwamba Koguryo ilikuwa sehemu ya historia ya China, na maandishi hayo tu yaliwaudhi Wakorea kiasi cha kuwa mgogoro wa kibalozi kati ya Beijing na Seoul. Ikiwa ufalme uliokufa zaidi ya miaka 1,300 iliyopita unaweza kuleta hasira hiyo, tunaweza kukadiria kitakachotokea siku bendera ya China itakapopandishwa Pyongyang.

Tena China ilikwisha kuwa na nafasi ya kuitawala nchi hiyo. Baada ya mapigano kusitishwa tarehe 27 Julai 1953, majeshi yake yalibaki Kaskazini kwa miaka mitano. Agosti 1956, askari hao wakiwa bado huko, wanasiasa wa Korea waliowahi kuwa pamoja na Mao kule Yan'an, ngome yake kabla hajashika serikali ya China, walisimama kumkosoa Kim Il-sung, mtawala wa kwanza wa Korea Kaskazini, katika mkutano wa Kamati Kuu ya chama, wakashindwa, na baadhi yao wakakimbilia China. Mwezi uliofuata Peng Dehuai, jemadari yuleyule aliyeiokoa serikali ya Kim, alikwenda Pyongyang pamoja na Anastas Mikoyan wa Muungano wa Kisovieti kumtaka awarejeshe wakosoaji wake katika nafasi zao. Kim alikubali, na wageni walipoondoka akaendelea kuwaondoa kidogo kidogo hadi kundi hilo likaisha. Na Kim huyo hakuwa mgeni kwa Wachina: alisoma Jilin, mji wa China, kwa lugha yao, na katika miaka ya 1930 alikuwa mwanachama wa chama chao cha Kikomunisti. Mwaka 1958 askari wa mwisho wa China waliondoka, na tangu hapo siasa ya Korea Kaskazini imejengwa juu ya kutomtegemea mkubwa yeyote.

SWALI: Nimekuwa nikifuatilia habari za Korea. Sawa, China haitaki kuichukua. Lakini mafuta yote yanapita mikononi mwake. Kwa nini isifunge bomba hadi Pyongyang itii?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Ni kweli kwamba zaidi ya asilimia 90 ya biashara ya nje ya Korea Kaskazini imekuwa na China, na lipo bomba la mafuta ghafi linalopita chini ya Yalu kutoka eneo la Dandong. Ni kweli pia kwamba China imewahi kubana: baada ya jaribio la nyuklia la Septemba 2017, ambalo mtikisiko wake uliwafikia wakazi wa mji wa Yanji ndani ya China, ilipiga kura katika Baraza la Usalama kuunga mkono azimio namba 2397, lililoweka kikomo cha mapipa milioni 4 ya mafuta ghafi kwa mwaka. Lakini Mei 2022 China na Urusi zilitumia kura ya turufu kuzuia vikwazo zaidi, kwa sababu Beijing inaogopa Pyongyang itakayoanguka kuliko Pyongyang isiyotii.

Pia nguvu ya bomba hilo ni ndogo kuliko inavyoonekana. Januari 2020, ugonjwa wa korona ulipoanza, Korea Kaskazini yenyewe ilifunga mipaka yake, na biashara na China ikaporomoka kwa kiwango ambacho hakuna azimio la vikwazo lililowahi kukifikia. Watu waliumia, nasi hatulisemi hilo kwa wepesi, lakini serikali haikutikisika wala haikubadili sera hata moja. Tangu Juni 2024 ina mkataba mpya na Urusi, ambao umeifungulia mlango mwingine.

Mfano mwingine uko Dandong kwenyewe, kilomita chache kutoka lile daraja lililovunjika. China ilijenga kwa fedha zake daraja jipya kubwa la magari juu ya Yalu, na kazi ya daraja ikakamilika mwaka 2014. Upande wa Korea daraja hilo liliishia mashambani, pasipo barabara ya kulipokea, na miaka ikapita bila kufunguliwa, huku malori yakiendelea kusubiri zamu kwenye daraja la zamani, ambalo njia yake ya magari ni nyembamba na iko sambamba na reli. Nchi ambayo China imeshindwa kuishawishi ifungue daraja la bure haiwezi kuitwa kibaraka wake.

SWALI: Je, serikali ya Pyongyang ikianguka yenyewe, China haitaingia?
Msomaji, Bukavu

JIBU: Tunaamini inaweza kuingia, lakini kuingia si kuichukua. Ina mambo mawili ya kuyahofia karibu kabisa na mpaka wake wa kilomita 1,400 hivi. La kwanza ni silaha na maeneo ya nyuklia, ambayo hakuna jirani angependa kuyaona yakikosa mlinzi. La pili ni watu. Katika njaa ya miaka ya 1990 maelfu kwa maelfu ya Wakorea walivuka Mto Tumen, wakati wa baridi kali wakitembea juu ya barafu, kuingia eneo la Yanbian ambako Wachina wenye asili ya Korea wanaishi. China imekuwa ikiwahesabu kama wahamiaji wa kutafuta riziki na kuwarudisha, ingawa inajua wanarudishwa kwenye adhabu. Hilo sisi tunaliona kuwa kosa kubwa, na hakuna hoja ya usalama inayolifuta. Kwa hiyo tunatarajia kwamba machafuko yakitokea, askari wa China watakaa karibu na mto au kuingia sehemu za kaskazini kuzuia wimbi la watu na kulinda maeneo hayo.

Kubaki humo moja kwa moja ni suala jingine. Ibara ya 3 ya Katiba ya Korea Kusini inasema kwamba nchi hiyo ni rasi yote ya Korea na visiwa vyake, na ndiyo maana mtu wa Kaskazini anayefika Seoul hupewa uraia bila kuuomba kama mgeni. Desemba 2023 Kim Jong-un alitangaza kwamba Kusini si ndugu tena bali ni nchi adui, lakini Katiba ya Kusini haikubadilika kwa tangazo lake. Siku Pyongyang itakapobaki bila serikali, watu zaidi ya milioni 51 wa Kusini, wenye jeshi kubwa na mkataba wa ulinzi na Marekani tangu mwaka 1953, watakuwa wakisema kwamba ardhi ile ni yao na watu wale ni raia wao, na China itakayotaka kubaki itapaswa kuwajibu hao kwanza.