Shangazi, kazi yangu haina kasoro, mbona hawanipendi?

"Shangazi, shikamoo. Mimi ni dada wa miaka 31, mhasibu wa kampuni ya uwakala wa forodha hapa Dar es Salaam, huu ni mwaka wangu wa sita. Hesabu zangu hazijawahi kuzua hoja ya mkaguzi. Lakini nafasi ya mkuu wa kitengo imenipita mara mbili, na safari hii amepewa kijana niliyemfundisha kazi mwenyewe. Nilipomuuliza meneja akasema, 'Kazi unaijua, ila watu wanakuogopa.' Nimesikia kwamba nikiwapa kisogo wananiita CAG, yaani Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Nikiingia kunywa chai, mazungumzo yanakatika. Wala sina ubaya na mtu. Nikisalimiwa naitika. Dereva wetu alipofiwa na mama yake nilituma rambirambi kabla ya wote. Mtu akikosea fomu ya masurufu naipiga picha naiweka kwenye grupu la ofisi ili wengine wajifunze. Sasa nimeanza kuwapelekea vitumbua kila Jumatatu. Wanakula, wanashukuru, basi. Siku zote nimeamini kizuri chajiuza. Je, nijifanye mtu mwingine? Au nihame? — Asiyependwa, Tabata."

Marahaba, mwanangu. Pole sana. Kumfundisha mtu kazi halafu akawa mkubwa wako kunauma, na sitakuambia ujikaze kana kwamba hakuumi. Tena najua kuwa mwanaume akiwa mkali kazini husifiwa kwa msimamo, mwanamke akifanya vilevile huitwa mkorofi. Huenda hilo nalo limo katika yaliyokupata. Ila barua yako ina mengine ambayo yako mikononi mwako, na hayo ndiyo nataka tuyashike.

Kizuri chajiuza kama mnunuzi anakitazama chenyewe. Hesabu zako mkaguzi anazitazama, na amezikubali. Mkuu wa kitengo hapimwi kwa hesabu peke yake. Anapimwa na watu watakaomletea matatizo yao mapema kabla hayajaharibika. Mwaka 2005 watafiti wawili, Tiziana Casciaro na Miguel Sousa Lobo, walichapisha matokeo ya kuchunguza jinsi watu maofisini wanavyochagua wa kufanya naye kazi. Ukiwauliza, watu husema wanamtaka anayeijua kazi. Lakini kwa vitendo, anayeijua kazi na hapendeki hukwepwa, na mara nyingi watu humfuata yule mwenye uwezo mdogo anayeelewana nao. Sisemi kwamba ni haki. Nakuambia meneja wako alikuwa anaona nini.

Sasa hiyo picha. Hapo nimesoma mara kadhaa. Chukua dereva aliyetoka Tunduma, mpakani na Zambia, amekaa kwenye foleni ya malori mpaka amechoka, anafika ofisini anajaza fomu na jumla inapishana kwa shilingi elfu kumi. Jioni akiwa na wanawe anafungua simu, anakuta mwandiko wake umezungushiwa wino mwekundu na mabosi wote wameshauona. Wewe ulikusudia wengine wajifunze. Walichojifunza ni kwamba ukikosea kwa huyu dada utaanikwa. Ndiyo maana chai inapoa wakikuona.

Acha leo. Fomu ikiwa na kosa, mfuate mwenyewe: "Kaka, hapa jumla imepishana, hebu tuitazame pamoja." Dakika mbili zinatosha. Na wale uliokwisha kuwaanika, waombe radhi kwenye grupu lile lile. Aibu waliipata mbele za watu, radhi nayo ipite mbele za watu. Andika kwa kifupi, bila kueleza kwa nini ulikuwa na nia njema.

Kuhusu vitumbua, mkono wako ni wa kutoa tu, haupokei. Mtu asiyehitaji chochote kwa wenzake anaonekana yuko juu yao, hata akiwalisha. Kuna jaribio la zamani la Jecker na Landy, la mwaka 1969, ambalo wewe mtu wa fedha utalielewa upesi. Watu walishinda pesa, kisha baadhi yao wakaombwa na mtafiti mwenyewe wamrudishie, kwamba anatumia za mfukoni mwake na zinaelekea kumwishia. Hao walioombwa fadhila ndio waliompenda zaidi kuliko wenzao walioachiwa pesa zao. Basi omba. Usibuni shida, unazo za kweli. Dereva wenu anajua mambo ya mpakani ambayo huyaoni kwenye karatasi zako. Mwombe akueleze kwa nini gharama za njiani hupanda ghafla, msikilize mpaka amalize, na siku nyingine mwambie maelezo yake yalikusaidia wapi.

Umesema ukisalimiwa unaitika. Nani anaanza, mwanangu? Anza wewe, kuanzia kwa mlinzi getini. Na usiishie kwenye "za nyumbani". Mwenzako akikujibu kwamba mtoto alikesha na homa, kesho yake muulize mtoto ameamkaje. Hilo swali la pili ndilo linalomwambia kwamba jana ulimsikia.

Rambirambi ya simu ni mchango, nayo ni jambo jema. Lakini msibani watu hukumbuka nani alikuja akakaa kwenye jamvi. Muulize dereva kama arobaini ya mama imeshapita. Kama bado, nenda. Kama imepita, mwambie tu ulipaswa kufika, na umuulize mama alikuwa mtu wa namna gani.

Kijana aliyepewa nafasi mpongeze kwa mdomo wako, kama bado hujafanya hivyo. Anajua nani alimfundisha, na huenda anakuogopa kuliko wote.

Ila kujifanya mtu mwingine, hapana. Usianze kucheka visivyochekesha, wala kumsema mtu ili ukubalike kwenye meza ya chai. Na zaidi ya yote usilegeze mambo ya fedha. Mtu akikuletea risiti ya kughushi badala ya ile ya EFD, mashine ya risiti za kodi, ikatae kama ulivyokuwa ukiikataa, kwa sauti ya chini na mlango umefungwa. Wapo watakaokuchukia kwa hilo. Hao usiwapelekee kitumbua wala salamu ya ziada. Chuki yao imetokana na wewe kufanya kazi uliyoajiriwa kuifanya.

Kuhama usiharakishe, kwa sababu tabia ya kuanika makosa utahama nayo. Jipe miezi mitatu au minne, kisha rudi kwa meneja umuulize: "Uliniambia watu wananiogopa. Umeona nini kimebadilika, na nini bado?" Muulize pia ni mambo gani hasa anataka kuyaona kwako kabla nafasi nyingine haijatokea, na uyaandike akiwa anakutazama. Akikutajia, unayo kazi ya kufanya hapo hapo ulipo. Akizungukazunguka bila kutaja hata moja, anza kutuma maombi kwingine, na barua ya kwanza ya maombi niandikie tuipitie pamoja.