Shujaa lazima awe na kazi

Mwanangu Salimu,

Wa alaikumu salaam. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Wauliza kama uziache zamu za ziada za Jumamosi pale hospitali mpaka shule za huko Marekani zifunguliwe Agosti, upate kumaliza hadithi yako ya shujaa Katani, maana watoto wapo nyumbani mchana kutwa nawe unarudi hoi. Huku ni kipupwe, kusi linavuma, tunajifunika shuka mbili. Nyie wasema jua halizami mpaka saa tatu usiku.

Kwanza niambie: Katani wa safari hii anafanya kazi gani? Katika sura tatu ulizonitumia anaruka, anaokoa, anatoweka. Sikumwona akiamka alfajiri kwenda popote. Nami nasema siku zote, shujaa lazima awe na kazi.

Neno hilo asili yake ni baba yako, unajua. Ni mwaka ule mkono wake uliponaswa na korona, ile mashine ya kutoa nyuzi, kule kwenye mkonge. Alikuwa akilisha mashine, majani yakakwama, vidole viwili vikaenda. Miezi ile alikaa barazani hasemi na mtu. Mimi nina nguo za Idi za mtaa mzima, cherehani hailali. Wewe uko darasa la tano, umejikunja chini ya meza yangu na daftari, vipande vya vitambaa vinakuangukia kichwani. Akakuita: lete hapa, soma.

Ukamsomea. Kivuko cha Pangani kimezima injini, maji yanakupwa, kinaburutwa kwenda baharini na watu, mbuzi na baiskeli zao. Katani ananyoosha mkono, vidole vinarefuka, vinageuka kamba nyeupe kama nyuzi zinazoanikwa kwenye nyaya kiwandani, anakivuta mpaka Bweni. Vidole viwili, mwanangu. Hukuandika vitano. Baba yako alicheka mpaka akapaliwa, sikuwa nimemsikia akicheka tangu ajali. Halafu akauliza, "Na kesho yake alikwenda kazini?" Ukamjibu mashujaa hawaendi kazini. "Basi huyo anakula nini?" Ukarudi chini ya meza, ukaongeza kwamba asubuhi Katani hukata mkonge.

Daftari lile mwalimu alikunyang'anya kwa kuwa hadithi ilikuwa nyuma ya hesabu. Nilikwenda kulidai, nikaambiwa limekwisha tupwa. Mpaka leo nikikutana naye sokoni salamu yangu ni fupi, na itabaki fupi.

Ndiyo maana uliponitumia picha ya ile nyumba ya Kimberly Avenue, hapo hapo Cleveland mnapoishi, niliitazama sana. Ulinieleza kwamba Jerry Siegel, mtunzi wa Superman aliyeishi humo, alikuwa mtoto wa muuza nguo, na baba yake akaanguka akafa dukani mwaka 1932 wezi walipoingia. Haikupita miaka mingi, kijana akatunga mtu ambaye risasi haimwingii. Wasomi waseme watakavyo. Mimi niliyemfunga bendeji mume wangu kila asubuhi sihitaji kuelezwa.

Na Siegel alisimulia mwenyewe kwamba ilikuwa usiku wa kiangazi, joto limemnyima usingizi, akawa anaamka kila baada ya saa mbili, anaandika, anarudi kitandani. Kulipokucha akatimua mbio kwa rafikiye Joe Shuster, mchoraji. Usiku mmoja! Hapo nikasema, kumbe Salimu hahitaji Jumamosi zote hizo. Kisha nikajijibu: yule alikuwa kijana, hana mke, hana watoto watatu wa kuogesha, wala hakuwa ametoka kugeuza wagonjwa vitandani usiku kucha. Usingizi ulimkataa mwenyewe. Wewe wako unaukopa, na deni la usingizi linalipwa na mwili. Lakini pia nakufahamu: ukikaa bila kuandika unakuwa mkali hata kwa chai iliyopoa. Hilo nalo watoto wanalilipia.

Superman wao naye walimpa ajira, mwandishi wa gazeti. Shujaa lazima awe na kazi. Kinachoniuma ni kwamba mwaka 1938 waliuza haki zote kwa dola 130, wawili wale, na ni mpaka 1975, wazee tayari, ndipo walipokubaliwa dola 20,000 kwa mwaka kila mmoja na majina yao yakarudishwa kwenye kazi yao. Kwa hiyo lolote mtakaloamua, usitie sahihi karatasi ya mtu kabla hujaisoma mpaka nukta ya mwisho.

Sasa hizo Jumamosi. Kodi ya nyumba haisubiri sura ya nne, najua. Pesa unazotutumia nazo zimo humo humo, na baba yako ameshasema zipunguze mpaka Septemba, hatutalala njaa. Mkeo anasemaje? Hilo hukuniandikia, na yeye ndiye anayebaki na watoto. Mdomo unaniwasha kukuambia la kufanya, na ningekuwa karibu ningekwisha kulisema. Lakini wewe ni baba wa watu sasa. Kaeni wawili muamue.

Sura ya nne ikiwa tayari, isome kwa sauti uturekodie kwenye WhatsApp, maana macho ya baba yako hayawezi tena herufi za simu. Ile ya pili nilimsomea mimi. Pale ulipoandika kwamba Katani ana vidole vitano kila mkono, amekataa. Anasema urekebishe.

Mamako