Usisaini hiyo LPO kabla hujahesabu IOPS

Mkuu simama hapo hapo, usisaini hiyo LPO, yaani oda ya manunuzi. Nimesoma ulivyoandika: akaunti 20,000 za barua pepe, nodi (seva) tatu za Dovecot, ile programu inayowapa watu barua zao, zote zinasoma storeji moja kupitia mtandao kwa NFS, storeji yenyewe diski 12 za mzunguko (SATA) za tera 8 kwenye RAID 5, yaani zimefungwa pamoja ili moja ikifa data ibaki, halafu unauliza uweke RAM kiasi gani na prosesa ipi. Moyo umenilipuka, maana hiyo kotesheni ni ile ile niliyoletewa mimi mwaka 2017, kilichobadilika ni idadi na ukubwa wa diski tu.

Sisi tulikuwa na watumiaji 4,000. Muuzaji akaja na slaidi zake, akauliza swali moja: kila mtu mnampa giga ngapi? Tukasema 5. Akazidisha akapata tera 20, akaleta diski 6 za tera 4, akazifunga RAID 5, ikatoka tera 20 kamili, bosi akafurahi, mimi nikafurahi. Hakuna aliyeuliza IOPS, yaani hizo diski zinaweza kusoma na kuandika mara ngapi kwa sekunde. Nikikumbuka alivyotuambia "hii inawatosha miaka mitano" damu bado inanichemka, aisee, kwa sababu kujua hilo ndo kazi yake na tulimlipa kwa hilo!

Mwanzoni shwari, tulikuwa tunahamisha idara moja moja. Jumatatu ya kwanza watu wote wakiwa ndani, saa 2 na robo asubuhi, simu na Outlook na webmail vinaingia kwa mkupuo, kila kitu kikaganda. Prosesa imekaa tu, RAM nusu haijaguswa, ila iowait (muda prosesa inaokaa ikisubiri diski) iko asilimia 80, foleni ya Postfix, programu ya kupokea na kutuma barua, inapanda, mkurugenzi anapiga simu barua ya jana usiku iko wapi. Na mimi nikaongeza kosa juu ya kosa, nikaomba hela ya nodi nyingine. Tukaifunga, hali ikawa mbaya zaidi, maana nodi zote zinachota kisima kimoja, ukileta ndoo nyingine maji hayaongezeki, watu wanazidi kusukumana tu.

Sasa sikiliza hesabu ambayo hakuna aliyenipa. Diski ya mzunguko 7200 inakupa IOPS kama 80 hivi. Zangu 6 ni 480. Lakini kwenye RAID 5 kuandika kadogo kamoja kanageuka kazi nne: inasoma data ya zamani, inasoma pariti (data ya akiba ya kurudishia diski iliyokufa), inaandika data mpya, inaandika pariti mpya. Kama nusu ni kusoma na nusu kuandika, wastani kila ombi ni kazi 2.5, unabaki na 192. 192 kwa watu 4,000! Na barua pepe inaandika kuliko watu wanavyodhani, barua ya KB 30 inaandikwa kwenye foleni, inaandikwa tena kwenye Maildir (folda ya barua za mtumiaji) kama faili lake peke yake, indeksi (orodha ya barua zake) inaguswa, mtu akiifungua alama ya kusomwa inabadilika, akiifuta inabadilika tena.

Zako 12 ni 960, kwa RAID 5 unabaki na 384. Kwa RAID 10, ambapo kila diski ina pacha wake na kuandika ni kazi mbili tu, unapata 640 ila tera zinashuka kutoka 88 hadi 48, na hata hiyo 640 kwa watu 20,000 mimi nisingelala. Tena diski ya tera 8 ikifa, RAID 5 inajijenga upya masaa na masaa, ikifa ya pili hapo katikati umekwisha.

Kilichotuokoa sisi: foleni na indeksi tulizihamishia SSD (diski zisizozunguka, zenye kasi) kwenye kila nodi, barua zenyewe zikaenda RAID 10, na kila mtumiaji tukamfunga kwenye nodi moja ili nodi mbili zisigombanie indeksi zake. Tulinunua mara mbili kitu cha kununua mara moja.

Kwa hiyo kesho usiende kwa muuzaji. Nenda kwenye seva yako ya zamani, Jumatatu saa 2 mpaka saa 4 asubuhi, washa amri ya iostat -x 5, andika r/s na w/s (kusoma na kuandika kwa sekunde) zikiwa juu kabisa, gawa kwa watu waliopo, zidisha kwa 20,000, ongeza nusu yake. Hiyo ndo namba ya kumpelekea, tera zije baadaye. Ukizipata zibandike hapa hapa nikae nizihesabu na wewe, LPO iache mezani.