Maswali ya Wasomaji: Rangi nyeusi laini iliyotelekezwa, je, inaokoka?

SWALI: Ndugu mhariri, nimenunua gari jeusi lililotumika, ambalo mmiliki wa awali aliliacha juani kwa miaka na kuliosha kwa brashi na matambara yoyote yaliyokuwa karibu. Likiwa kivulini linapendeza, lakini jua likilipiga, bodi nzima hujaa mikwaruzo midogo ya duara kama utando wa buibui, boneti ina madoa meupe ya maji yasiyotoka kwa sabuni, na kwenye paa kuna alama mbili zilizochimbika za kinyesi cha ndege. Nililipeleka kwa fundi, akalipiga polishi kwa saa chache, likang'aa sana. Baada ya kuoshwa mara kadhaa mikwaruzo yote ikarudi, na sasa kuna mistari mirefu ya mng'ao inayohama kila ninapolizunguka gari. Fundi wa pili ameniambia kwamba rangi hii ni laini mno, haipolishiki, na kwamba dawa yake ni kupaka upya bodi nzima. Je, ni kweli?

JIBU: Ndugu msomaji, rangi laini inapolishika, tena hukatika, yaani hulika kwa polishi, upesi kuliko rangi ngumu. Mikwaruzo ambayo ingemchosha fundi kutwa nzima kwenye rangi ngumu hutoweka hapa baada ya mashine kupita mara chache. Ugumu wa kazi yako uko mwishoni, katika kuiacha rangi hiyo ikiwa angavu, bila ukungu na bila mikwaruzo mipya inayoletwa na pedi, dawa, na hata taulo ya kufutia. Fundi aliyezoea kutegemea nguvu hukwama hapo, kisha huilaumu rangi.

Ni vyema uelewe kwanza kinachoguswa. Kwenye magari mengi ya sasa, juu ya bati kuna praima, kisha rangi yenyewe, na juu yake tabaka lisilo na rangi ambalo mafundi huliita klia. Matabaka ya kiwandani kwa jumla huwa na unene wa mikroni 100 hadi 180 hivi, na klia peke yake ni takriban mikroni 35 hadi 50. Mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Polishi halisi haiujazi mkwaruzo, bali hupunguza klia inayouzunguka mpaka uso wote ukaribie usawa wa kina chake. Kila polishi, kwa hiyo, hula akiba isiyorudi, na fundi mzuri hutambulikana kwa kiasi cha klia anachokibakiza.

Weusi nao una tabia yake. Rangi nyeupe hurudisha mwanga mwingi kutoka ndani yake na mwanga huo hufunika kasoro za juu, ilhali nyeusi humeza karibu mwanga wote unaoingia, kwa hiyo kile unachokiona ni mwakisiko wa uso tu. Kingo za mkwaruzo hutawanya mwanga, na mwanga huo mdogo huonekana waziwazi penye giza. Mikwaruzo yenyewe si ya duara. Imeelekea kila upande, lakini jicho huona ile tu iliyokaa mkao unaorudisha nuru ya jua, na hiyo ndiyo hujipanga kuizunguka taa au jua. Mkwaruzo uleule kwenye gari jeupe huenda usingeuona kamwe.

Kilichotokea kwa fundi wa kwanza kinaelezeka kwa urahisi. Baadhi ya dawa za polishi zina mafuta na vijazio vinavyokaa ndani ya mikwaruzo na kuificha. Shampuu ikiviondoa, mikwaruzo hujitokeza tena kwa sababu haikuwahi kuondolewa. Ile mistari inayohama ni alama za mashine inayozunguka kwenye mhimili mmoja, iliyotumiwa na pedi kali au pedi chafu, bila hatua ya pili ya kulainisha. Kasoro zote mbili zinarekebishika, mradi klia iliyobaki inatosha.

Ndiyo maana kazi inayofuata haipaswi kuanza na mashine ya polishi. Ianze na usafi na vipimo. Gari lisuuziwe, lipakwe povu ili udongo ulegee, lioshwe kwa glavu laini, kisha liondolewe lami kwa kiyeyusho chake na chembe za chuma zitokazo kwenye breki kwa dawa yake, ambayo hugeuka zambarau inapozigusa chembe hizo. Baada ya hapo hupitishwa udongo maalumu wa kusafishia rangi, ukiwa umelainishwa kwa maji yenye kilainishi, ili kung'oa kilichobaki kimejipachika. Kwenye rangi laini udongo huo wenyewe huacha mikwaruzo, kwa hiyo uwe wa daraja laini na ukandamizwe kidogo sana. Usiushangae mwonekano mbaya wa gari katika hatua hii, kwani kila kilichokuwa kikificha kasoro kimekwisha ondoka.

Vipimo hufanywa kwa kifaa kidogo cha kupimia unene wa rangi, nacho kisomwe sehemu nyingi za kila kipande cha bodi. Kipande kinachosoma mikroni mia kadhaa kimewahi kupakwa upya, na kinachozidi 1,000 kwa kawaida kina puti, yaani kijazio cha mabonde ya bati, chini yake. Kipande kilicho chembamba kuliko vingine vyote ndicho cha kuogopwa, kwa sababu inawezekana kimepigwa polishi kupita kiasi zamani. Kifaa cha kawaida hujumlisha matabaka yote na hakikuambii klia imebaki kiasi gani, hivyo namba nzuri haimpi fundi ruhusa ya kukata ovyo. Kingo za milango na mikunjo ya bodi huvaa rangi nyembamba zaidi, nazo hufunikwa kwa utepe wa kuzuia.

Sasa tufike kwenye kiini. Fundi achague eneo dogo la majaribio, lenye upana wa nusu mita hivi, na aanze na mchanganyiko mpole kuliko yote: pedi laini ya sponji na polishi yenye chembe ndogo. Ikiwa mikwaruzo mingi imetoka, hakuna sababu ya kuleta kompaundi, yaani dawa kali ya kukatia. Ikiwa haikutoka, apande ngazi moja tu, na arudie. Ulaini wa rangi haujulikani kwa kusoma jina la gari. Rangi nyeusi ya Toyota yenye namba 202, kwa mfano, ina sifa ya ulaini miongoni mwa mafundi wa sehemu nyingi, lakini gari ulilo nalo linaweza kuwa lilipakwa upya kipande kimoja na kuachwa cha asili kipande cha pili, na vipande hivyo viwili vikadai njia tofauti. Ninapendekeza jaribio lirudiwe popote kipimo cha unene kinapobadilika.

Kwa gari lililotelekezwa kama lako, ninatarajia hatua mbili: ya kukata na ya kumalizia. Mashine inayozunguka huku ikiyumba ni salama zaidi kwa rangi hii kuliko ile ya mhimili mmoja, ingawa mikono yenye uzoefu huimudu ile ya pili pia. Hatua ya kukata itaondoa utando na mistari, lakini itaacha ukungu wa kijivu juu ya weusi, na hapo ndipo wengi hukosea: wanapoona ukungu, huongeza nguvu na mizunguko, wakidhani hawajakata vya kutosha. Ukungu huo unatokana na pedi na chembe ambazo rangi laini haiwezi kuzistahimili, na kuongeza nguvu huuzidisha. Dawa yake ni kupunguza kila kitu. Pedi iwe ile laini kabisa ya kumalizia, polishi iwe ya chembe ndogo kuliko zote na yenye kuteleza vizuri, mashine ikimbie polepole, na uzito wake wenyewe utoshe bila fundi kuikandamiza. Mizunguko ya mwisho karibu isiguse uso. Pedi isafishwe baada ya kila eneo na kubadilishwa mara kwa mara, kwa sababu mabaki ya klia na dawa iliyokauka, yakiburutwa juu ya rangi, hukwaruza upya. Kipande kikipata joto kiachwe kipoe, kwani joto huzidi kuilainisha klia na kuifanya ing'ang'anie pedi.

Kuna jambo ambalo naliona halipewi uzito linaostahili, nalo ni kufuta. Fundi anaweza kumaliza kwa ustadi kabisa, kisha akaiharibu kazi yake kwa taulo. Taulo ziwe za maikrofaiba zenye nyuzi ndefu, zisizo na ukingo wa kushonwa, mpya au zilizofuliwa peke yake bila dawa ya kulainishia nguo; polishi isiachwe ikakauka, na taulo ipitishwe kwa uzito wake tu. Ukaguzi nao unahitaji kufuta kwa alkoholi iliyochanganywa na maji mengi ili kuondoa mafuta yanayoficha mikwaruzo. Alkoholi kali hailifai tabaka laini, na tambara kavu lisilo na unyevu wa kutosha huacha alama ambazo fundi atazidhania ni za pedi, akapoteza saa nzima akitafuta tatizo pasipo tatizo. Ukaguzi ufanyike chini ya taa moja kali katika chumba chenye giza, na gari litolewe juani pia, maana mistari ya mashine hujificha kwenye taa nyingi zilizotawanyika.

Madoa meupe ya boneti huwa ya aina mbili. Yale ya madini yaliyokaa juu ya uso huyeyuka kwa dawa yenye asidi hafifu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo; yale yaliyokwisha kula klia huhitaji polishi. Alama za kinyesi cha ndege ni ngumu zaidi. Klia hulainika kwenye joto, kinyesi hukauka na kukaza juu yake, na uso unapopoa huganda ukiwa na umbo lake. Alama ikiwa ya kina, ipunguzwe hadi isivutie jicho, na iachwe. Kuitafutia usafi kamili kunaweza kuimaliza klia ya sehemu hiyo, na klia iliyotoboka hairudi ila kwa kupaka upya.

Kuhusu ushauri wa kupaka bodi nzima, sikubaliani nao. Rangi ya kiwandani huokwa kwenye joto la takriban nyuzi 140, wakati bodi bado haina plastiki wala nyaya. Karakana huoka kwa nyuzi 60 hivi, kwa kuwa gari limekwisha kamilika, na hutegemea kemikali za kukazia. Kazi nzuri ya karakana inawezekana, lakini haikuhakikishii rangi ngumu kuliko ya sasa, na mikwaruzo itarudi kama uoshaji haukubadilika. Okoa kilichopo kwanza. Mwombe fundi akueleze vipimo alivyopata, akuonyeshe eneo la majaribio likiwa limefutwa kwa alkoholi, na akubali kwamba lengo ni kuondoa sehemu kubwa ya kasoro, si zote. Kazi kama hiyo huchukua siku mbili au tatu. Anayekuahidi kuimaliza kwa saa chache atakuuzia vijazio vilevile.

SWALI: Kwenye kona ya bampa na juu ya paa, klia inabanduka vipande vyeupe. Je, polishi itasaidia?

JIBU: Haitasaidia. Klia iliyoachana na rangi iliyo chini yake haishikamanishwi tena kwa dawa yoyote ya polishi, na pedi ikigusa ukingo wake itaendelea kuibandua. Kipande hicho kipigwe msasa na kupakwa upya chote, kisha kiachwe kwa muda anaoelekeza mtengenezaji wa rangi kabla ya kuwekewa nta au mpako wa kinga. Vipande vilivyo salama vinaweza kuendelea na matengenezo uliyoyasoma hapo juu.

SWALI: Nikishasahihisha rangi, nioshe vipi ili isirudi ilikotoka?

JIBU: Usiliguse gari likiwa na vumbi kavu, hata kwa kitambaa kinachouzwa kwa kazi hiyo. Suuza kwanza, paka povu, usubiri kidogo bila kuliacha likauke, suuza tena. Tumia ndoo mbili, moja ya shampuu na nyingine ya maji ya kusuuzia glavu, na anza juu ukishuka, ukiacha sehemu za chini zenye mchanga hadi mwisho, kwa glavu tofauti. Kukausha ndiko huleta mikwaruzo mingi kwenye rangi laini. Ukiweza, tumia kipulizia hewa, na kama huna, tandaza taulo nene juu ya maji kisha uinyanyue bila kusugua. Taulo iliyoanguka chini haigusi tena rangi siku hiyo. Mashine za kuoshea zenye brashi ziepukwe kabisa.

SWALI: Nimeshauriwa kuweka mpako wa kauri wenye ugumu wa 9H ili gari lisikwaruzike tena. Je, unafanya kazi?

JIBU: Unafanya kazi nyingine. Namba 9H inatoka kwenye kipimo cha penseli, ambapo penseli za ugumu tofauti husukumwa juu ya tabaka kuona ipi inalikwaruza. Haina uhusiano na kipimo cha madini chenye almasi katika daraja la 10. Mpako huo ni mwembamba sana, mara nyingi mikroni moja au pungufu, na umelala juu ya klia ileile laini, kwa hiyo tambara lenye mchanga litapenya. Faida yake ni maji kuteleza, uchafu kushikamana kidogo na kuosha kuwa rahisi, jambo linalopunguza msuguano na hivyo mikwaruzo. Unayetaka kinga halisi dhidi ya mikwaruzo, chagua filamu ya polyurethane, ambayo huwa na unene wa mikroni 150 hadi 200 na nyingi huziba mikwaruzo midogo zinapopata joto. Wengi huiweka kwenye boneti na bampa la mbele pekee. Lolote utakalochagua, liwekwe baada ya rangi kusahihishwa, kwa sababu kasoro iliyofungiwa chini ya mpako au filamu haifikiki tena bila kuvua kilicho juu yake.